Mamlaka, Usalama na Maendeleo ya Kijiji Wakati wa Uasi: Uhakiki wa Tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein

Ikisiri

Tamthiliya ya Kinjeketile imezoeleka kusomwa kama tanzia ya kiongozi aliyebeba neno kubwa kuliko uwezo wake, au kama wito wa umoja wa kitaifa. Uhakiki huu unaisoma kwa namna nyingine: kama tamthiliya ya kijiji ambacho mamlaka yake, usalama wake na njia zake za kujipatia riziki vinabadilishwa mara mbili, kwanza na utawala wa Kijerumani, kisha na uasi wenyewe. Hoja kuu ni kwamba Hussein anaonyesha kwa ufasaha jinsi uasi unavyozaa mamlaka mapya yasiyo na wa kuyadhibiti, lakini hafuatilii hadi mwisho swali aliloliuliza mwenyewe katika onyesho la kwanza, yaani swali la njaa. Pengo hilo linaathiri namna uamuzi wa mwisho wa Kinjeketile unavyopaswa kutathminiwa.

1. Utangulizi

Mwezi Julai 1905, katika kijiji cha Nandete huko Umatumbi, watu wachache walikwenda kwenye shamba la pamba wakang'oa miche. Masimulizi yaliyokusanywa na watafiti wa historia katika miaka ya 1960 yanawataja wanaume wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, pamoja na mwanamke mmoja, Nantabila Naupunda. Tendo hilo ndilo linalohesabiwa kuwa mwanzo wa Vita vya Maji Maji, ambavyo katika muda wa miezi michache vilienea kutoka vilima vya Umatumbi hadi Ungindo, Mahenge na Ungoni. Mapigano hayo hayakuanzia kwenye boma wala kwenye kambi ya askari. Yalianzia shambani, na silaha yake ya kwanza ilikuwa mkono uliong'oa mche.

Miaka 64 baadaye, mwaka 1969, Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile. Katika maelezo yake ya utangulizi mwandishi anatahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu na asichukuliwe kuwa ndiye Kinjikitile Ngwale wa historia, mganga wa Ngarambe aliyenyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905. Tahadhari hiyo ni ya haki, na uhakiki wowote unaomdai mtunzi usahihi wa tarehe utakuwa umekosea njia. Hata hivyo, tahadhari hiyo haimzuii mhakiki kuuliza kama tamthiliya inatimiza ahadi inayoiweka yenyewe mbele ya hadhira. Ahadi ya Kinjeketile inawekwa mapema sana, nayo inawekwa na wanawake wawili wanaozungumza juu ya njaa.

2. Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na msimamo wa Uhistoria Mpya, kwamba kazi ya fasihi na kumbukumbu za kihistoria zisomwe bega kwa bega bila moja kufanywa kipimo cha ukweli wa nyingine. Kumbukumbu zinaonyesha tamthiliya imechagua nini na kuacha nini, na tamthiliya inaonyesha kumbukumbu zimenyamazia nini. Istilahi moja inahitaji ufafanuzi. Neno "uasi" lilikuwa la watawala, na historia ya Tanzania imechagua kusema "vita". Katika makala haya "uasi" limetumiwa kwa maana finyu ya kuelezea hali: wanakijiji kukataa amri ya utawala uliopo na kuunda utii mwingine badala yake. Haki ya kukataa huko haihojiwi. Kinachohojiwa ni kile kinachotokea kijijini baada ya watu kukataa.

3. Mamlaka: Kutoka kwa Wazee hadi kwa Hongo

Tamthiliya inapofunguka, Ngarambe haina mamlaka yake yenyewe. Wanaume wanakutana kwa siri wakitoka makabila mbalimbali, nao wanashindwa kuafikiana juu ya nani aongoze na nani aaminiwe. Kila mmoja anaona kosa katika kabila la mwenzake. Hussein hauchori mkutano huo kwa dhihaka. Anaonyesha kwamba mgawanyiko huo umekuwa nguzo ya utawala wa kigeni: mtu mwenye bunduki chache anawatawala wengi kwa sababu wengi hao hawana baraza linalowaunganisha.

Pengo hilo linajazwa na maji. Kinjeketile anavutwa na Hongo hadi mtoni, anakaa humo, kisha anarudi na dawa pamoja na neno la umoja. Kwa jicho la siasa ya kijiji, tukio hilo ni uhamisho wa mamlaka. Utii ambao wazee walishindwa kuupata kwa hoja unapatikana kwa pepo. Wamatumbi, Wakichi, Wangindo na Wazaramo wanaweza kumtii Kinjeketile bila kujiona wametawaliwa na Mmatumbi, kwa maana anayesema si yeye bali ni Hongo. Hapa ndipo ulipo uzuri wa suluhisho hilo na hatari yake pia. Mamlaka yasiyo ya mtu yeyote hayana wa kuulizwa. Mzee wa ukoo akikosea, ukoo una njia za kumrudi. Mshairi wa methali, mjomba au baraza litasema naye. Hongo hana baraza.

Historia inaunga mkono umakini wa Hussein katika jambo hili. Kinjikitile Ngwale alinyongwa wakati vita ndiyo kwanza vimeanza, na sehemu kubwa ya mapigano ilitokea baada ya kifo chake. Maji yalichukuliwa na wajumbe kutoka kijiji hadi kijiji. Kule Ungoni, ambako yalipelekwa na Kinjala, yaliingia katika jamii yenye watawala wake, Mputa Gama wa Njelu na Chabruma wa Mshope, wakayapima kwa mizani ya madaraka yao. Mwisho wake Mputa alinyongwa pamoja na viongozi wengi mwaka 1906, na Chabruma akakimbilia upande wa Wareno. Dawa ileile ilijenga uongozi mpya mahali pasipo na mtawala mkuu, na ikaangusha uongozi wa kale mahali ulipokuwapo. Tamthiliya haifiki Songea, lakini inaeleza kiini cha jambo: neno likishatoka kinywani mwa aliyelisema, halimtii tena.

Ni katika mwanga huo ndipo inapofaa kusomwa ile ahadi kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Kinjeketile anapoyatafakari maneno yaliyotoka kinywani mwake wakati wa kupandwa na pepo, anashtuka. Kwa kawaida mshtuko huo huelezwa kijumla: ametambua kwamba ameahidi kubadilisha bwana mmoja kwa mwingine. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanaweza kutiliwa uzito zaidi. Seyyid Said alikuwa amekwisha kufa tangu 1856. Kilichobaki cha dola yake huko bara ya kusini kilikuwa muundo wa maliwali, maakida na majumbe, ambao Wajerumani waliurithi kutoka pwani wakautumia kukusanya kodi na kuwapeleka watu mashambani. Akida ndiye aliyekuwa sura ya serikali machoni pa mkulima wa Umatumbi, na boma la akida wa Kibata lilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo kushambuliwa. Kwa hiyo, neno la Hongo halirudishi tu ufalme wa mbali. Linawarudisha wale wale waliokuwa wakishika kiboko. Kinjeketile anashtuka kwa sababu amesikia, ndani ya sauti ya ukombozi, sauti ya akida.

4. Usalama: Maji na Mazoezi

Katika maonyesho ya mwanzo usalama wa Ngarambe umekwisha kuvunjwa. Askari wanapomkamata Chausiku, binti wa Kitunda, baba yake hana la kufanya. Fedheha hiyo ni muhimu katika msuko kwa sababu inampata mtu ambaye baadaye atakabidhiwa uongozi wa vita. Kitunda anajua kwa mwili wake kwamba mwanamume wa kijiji hawezi tena kuulinda hata mlango wa nyumba yake. Kwa mtu wa namna hiyo, ahadi kwamba risasi itageuka maji ni zaidi ya imani ya kishirikina. Ni kurudishiwa heshima.

Lakini Kitunda ndiye anayekataa kuutegemea ulinzi huo peke yake. Anawafundisha watu kuvizia, kujificha na kusubiri. Kwa hiyo tamthiliya inaweka dhana mbili za usalama upande kwa upande. Ya kwanza inasema kwamba mtu yuko salama kwa kuwa amenyunyiziwa dawa. Ya pili inasema kwamba mtu yuko salama kwa kuwa amejifunza, na kwa kuwa mwenzake aliye ubavuni mwake amejifunza pia. Dhana ya kwanza inapatikana kwa siku moja, ya pili inahitaji misimu. Watu wenye njaa hawana misimu ya kusubiri. Kinjeketile anapoomba muda, shaka ikiwa imekwisha kumwingia, wafuasi wake hawako tayari kumpa. Wanalitumia neno lake dhidi ya amri yake.

Mantiki hiyo inalingana na yaliyosimuliwa na wazee wa Umatumbi kwa watafiti, kwamba waliong'oa pamba Nandete walikuwa wamechoka kungoja idhini kutoka Ngarambe. Haraka yao isihukumiwe kuwa ni upumbavu. Kila wiki ya kungoja ilikuwa wiki nyingine ya kulima shamba la mwingine. Hussein anaelewa hivyo, na anawapa wanaharakishaji hoja zenye nguvu. Ndiyo maana onyesho la kushindwa kwa wapiganaji mbele ya bunduki za mzinga linaumiza: hakuna mjinga wa kulaumiwa. Upo tu umbali kati ya muda ambao vita vinahitaji na muda ambao tumbo linaweza kuvumilia.

Jambo moja halikupewa nafasi ya kutosha. Uasi ulipovunja ulinzi wa zamani ulileta pia hofu ya ndani: nani amekunywa maji na nani hajanywa, nani ni wetu na nani ni wao. Katika vita halisi, kukataa maji kuliweza kumfanya mtu ahesabiwe kuwa adui. Mbegu ya hofu hiyo imo katika tamthiliya, hasa katika mabishano ya wanaume mwanzoni, lakini maji yakishapokewa mabishano hayo yanazimika haraka kuliko inavyoaminika. Umoja wa jukwaani unapatikana kwa bei nafuu mno.

5. Maendeleo: Shamba la Nani?

Chanzo cha mateso katika tamthiliya ni shamba la pamba linalosimamiwa na Bwana Kinoo. Kihistoria, mpango wa mashamba ya pamoja ya pamba ulianzishwa mwaka 1902 chini ya Gavana von Götzen. Kila eneo la jumbe lilitakiwa kuwa na shamba, na wakazi walitakiwa kufanya kazi humo kwa siku zilizopangwa. Malipo yalikuwa kidogo kiasi kwamba wapo waliokataa kuyapokea. Kwa lugha ya watawala huo ulikuwa mpango wa kuiendeleza nchi: zao la biashara, bandari, mapato. Kwa lugha ya Bibi Kinjeketile na Bibi Kitunda, ni mwanamume aliyeondoka alfajiri kwenda kulima kisicholiwa, na shamba la nyumbani kuachiwa magugu.

Ni jambo la kustahili sifa kwamba Hussein aliwapa wanawake nafasi ya kulieleza jambo hilo kwanza, kabla ya kiongozi, kabla ya pepo, kabla ya neno la umoja. Uchumi wa kikoloni haufafanuliwi kwa hotuba bali kwa chungu kitupu. Hadhira ya 1969 ilikuwa na sababu nyingine pia ya kusikiliza. Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka miwili, na neno "shamba la pamoja" lilikuwa likisemwa tena vijijini, safari hii kwa nia tofauti na chini ya serikali ya wananchi. Tamthiliya haitaji Ujamaa, na itakuwa ni kuilazimisha kuifanya fumbo la moja kwa moja. Hata hivyo, imeacha kipimo ambacho mpango wowote wa maendeleo ya vijijini unaweza kupimwa nacho: nani aliulizwa kabla ya shamba kulimwa, na nani anakula kinachovunwa.

Kipimo hicho hicho kinapaswa kutumiwa kwa uasi wenyewe. Uasi nao ni mpango unaodai nguvu kazi. Wanaume wanaotoka katika shamba la Bwana Kinoo hawarudi katika mashamba yao. Wanakwenda Ngarambe kuchukua maji, kisha mazoezini, kisha vitani. Mashamba ya nyumbani yanabaki mikononi mwa wanawake wale wale. Hapa ndipo sauti zilizofungua tamthiliya zingetarajiwa kurejea. Hazirejei kwa nguvu ileile. Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile wanaendelea kuwapo kama wake wenye wasiwasi, lakini hawapewi tena nafasi ya kuulizia chakula.

6. Neno na Njaa: Tathmini ya Uamuzi wa Mwisho

Udhaifu uliotajwa hapo juu ungekuwa mdogo kama tamthiliya isingemalizikia pale inapomalizikia. Kinjeketile yuko kifungoni pamoja na Kitunda. Anatakiwa akane, atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, ambaye hakuwahi kuyategemea peke yake, anamsihi aseme kweli ili watu waache kufa. Kinjeketile anakataa. Sababu yake ni kwamba adui hatatosheka na kusema maji yalikuwa uongo. Atasema pia kwamba kupigana kulikuwa kosa, na wajukuu watafundishwa hivyo.

Onyesho hili ndilo limeipa tamthiliya heshima yake, na heshima hiyo inastahili. Linamtoa Kinjeketile katika hali ya kuwa chombo cha Hongo na kumfanya mtu anayechagua. Vilevile linajibu namna ya kuikumbuka vita hivyo iliyokuwa imeenea katika siasa za kudai uhuru. Mwaka 1956, mbele ya Umoja wa Mataifa, Julius Nyerere aliviwasilisha vita hivyo kama mwitikio wa asili wa watu waliotawaliwa, usiotegemea ushirikina. Hussein hakuifuata njia hiyo rahisi. Aliyabakiza maji jukwaani, pamoja na aibu yake yote, akaonyesha kwamba neno lisilo kweli linaweza kubeba dai lililo la kweli.

Pamoja na hayo, mizani ya onyesho hilo ina upande mmoja mtupu. Kinjeketile anawaza juu ya wajukuu, na Kitunda anawaza juu ya wapiganaji. Hakuna anayewaza juu ya ghala. Katika vita halisi, jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji, likateketeza mazao na kuchukua akiba za chakula, na waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Makadirio ya watawala yalitaja watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Sehemu kubwa za Umatumbi na Ungindo ziligeuka msitu, wanyamapori na mbung'o wakatamalaki. Kuhama huko kwa watu ni miongoni mwa sababu zilizowezesha baadaye pori la akiba lililopewa jina la Selous kutandazwa juu ya ardhi iliyowahi kulimwa. Kwa kizazi kilichofuata, vita viliyabadili maisha ya kijiji kwa njia ya njaa kuliko kwa njia ya neno.

Inaweza kujibiwa kwamba mambo hayo yalitokea baada ya kunyongwa kwa Kinjeketile, hivyo hayamo katika mipaka ya tamthiliya. Jibu hilo lina uzito, lakini halitoshi. Kinjeketile wa jukwaani anaamua kwa ajili ya wakati ujao. Wakati ujao ndio hoja yake yote. Kama wajukuu wanaweza kuingizwa katika hoja, mama zao pia wanaweza. Tena tamthiliya yenyewe ndiyo iliyoweka njaa kama kiini cha madai dhidi ya Bwana Kinoo. Haiwezi kuitumia njaa kuhalalisha uasi kisha ikaisahau inapopima gharama ya uasi huo.

Inawezekana pia kudai kwamba kimya hicho ni cha makusudi: kwamba Hussein anataka hadhira ihisi kutokuwapo kwa wanawake kifungoni. Usomaji huu unavutia, lakini matini hayauungi mkono vya kutosha. Kimya cha makusudi huacha alama, kama vile kiti kitupu, jina linaloitwa au wimbo unaokatika. Mwisho wa Kinjeketile hauachi alama ya namna hiyo. Unamwachia hadhira wanaume wawili na swali kubwa la kiitikadi. Anayefaidika zaidi na mpangilio huo ni Kinjeketile, na anayepoteza ni Kitunda, ambaye ombi lake linaonekana kuwa la mtu aliyechoka wakati kwa kweli lingeweza kuwa ombi la kijiji kizima.

7. Hitimisho

Kinjeketile inabaki kuwa uchunguzi makini wa namna uasi wa vijijini unavyotengeneza mamlaka mapya. Inaonyesha kwamba mgawanyiko wa wazee hufungua mlango kwa nabii, kwamba neno la nabii humshinda nabii mwenyewe, na kwamba ndani ya ahadi ya ukombozi muundo wa zamani wa utawala unaweza kuwa umejificha. Katika suala la usalama, inatofautisha ulinzi wa imani na ulinzi wa mafunzo bila kuwadharau wanaouchagua ule wa kwanza. Katika suala la maendeleo, inaanza vizuri kuliko inavyomaliza.

Kutokana na tathmini hii, uamuzi wa mwisho wa Kinjeketile usisomwe kama ushindi wa kimaadili uliokamilika. Ni uamuzi wa kisiasa uliofikiwa bila baraza, na mtu ambaye mamlaka yake yalianza bila baraza. Ukuu wake haupungui kwa kusemwa hivyo, ila unapewa bei yake. Watengenezaji wa maonyesho ya tamthiliya hii wana nafasi ya kuijaza mizani ile kwa njia za jukwaa bila kubadili neno hata moja la matini: kuwarudisha wake wawili wa onyesho la kwanza pembeni mwa kifungo, na chungu kilekile mkononi. Kwa upande wa utafiti, bado zinahitajika tafiti zinazolinganisha tamthiliya hii na masimulizi ya wanawake wa Umatumbi na Ungindo kuhusu miaka ya njaa, ili ijulikane wao walilihifadhi neno gani, na walilipa nini kulihifadhi.